Mita Saba Zilizosomeka Nane

Siku ya kuniaga, mwenyekiti wa umoja wetu wa wapiga picha alisimama mbele ya soda na keki akaniita hazina. Nilimshukuru, ingawa hazina ninazozijua mimi hufukiwa ardhini, na mimi bado natembea kwa miguu yangu kutoka Isevya hadi sokoni. Baadaye baadhi yenu mlinifuata mkaniomba niwaandikie tulivyofanya kazi kabla ya simu kuanza kupiga picha. Mlitaka hasa habari za ile kamera ya kukunja mliyoiona kwenye kabati la studio mkadhani ni pambo. Basi nimeandika. Sitasema nilikuwa napata kiasi gani, maana hamtaamini, wala nilipata vyeti gani, maana sikupata.

Nilianza kazi nikiwa msichana wa miaka kumi na tisa, katika studio ya Mzee Abeid pale Mtendeni. Mzee Abeid alikuwa mtu wa mjini hasa, kanzu yake imepigwa pasi tangu alfajiri, lakini vidole vyake vilikuwa na madoa ya kahawia kwa sababu ya dawa za kusafishia picha. Baba yangu ndiye aliyeniombea kazi, na kazi yenyewe ilikuwa kufagia na kuandika majina ya wateja. Nilipomwamkia, Mzee Abeid aliitikia marahaba, kisha akaniuliza swali moja tu: kutoka kwenye kiti alichokalia hadi nguzo ya simu ng'ambo ya barabara ni mita ngapi? Nikasema kumi. Akanipa kamba yenye mafundo nikapime. Zilikuwa kumi na sita.

"Kesho njoo," akaniambia. "Anayekosea kwa sita anafundishika. Ninaowaogopa ni wale wanaojibu kwamba hawajui."

Kwa muda wa majuma mengi sikushika kamera. Kila asubuhi, nikishamaliza kufagia, alinionyesha kitu barabarani, baiskeli iliyoegeshwa, mwanamke mwenye ndoo, mbuzi, nami nikakisia umbali kisha nikaenda kupima kwa kamba. Wenye mbuzi walinizoea. Barabara hiyo ndiyo iliyopitwa na misafara ya zamani kwenda Ujiji, na Mzee Abeid alipenda kunikumbusha kwamba wapagazi wa Kinyamwezi, ambao mmoja wao alikuwa babu wa babu yangu, waliujua umbali kwa mabega yao. Mimi niliambiwa niujue kwa macho. Nilipofika mahali pa kukosea kwa nusu mita tu, alinifungulia kabati.

Kamera zake zilikuwa tatu, za ukoo mmoja, zilizotengenezwa Ujerumani baada ya vita kuu ya pili. Ukiikuta imefungwa, kila moja ilikuwa bapa, nzito, imevikwa ngozi nyeusi, inaingia kwenye mfuko wa koti. Ukibonyeza kitufe, mlango wa mbele unaanguka na lenzi inatoka, ikivuta nyuma yake mfuko wa ngozi uliokunjwakunjwa kama kinanda cha kubana kwa mikono. Sisi tuliuita mvukuto. Kazi yake ni kushika giza kati ya lenzi na mkanda wa picha. Mtu akiniuliza kamera ni nini, hadi leo nasema ni chombo cha kubebea giza. Mwanga upo bure kila mahali, Tabora hasa.

Ya kwanza haikuwa na kipimo chochote. Ulikisia umbali kwa macho, ukazungusha lenzi kwenye namba yako, ukamwomba Mungu. Ya pili ilikuwa na kipima umbali juu yake, lakini kipimo hicho hakikuungana na lenzi. Ulichungulia kwenye kidirisha kidogo, ukamwona mtu wako mara mbili, mmoja mzito na mmoja mwepesi kama kivuli cha manjano. Ulizungusha kigurudumu hadi wale wawili wakawa mmoja, ukasoma namba, ndipo ukaihamishia namba hiyo kwenye lenzi kwa mkono wako. Ya tatu ilikuwa ya kitajiri: kigurudumu kimoja kilisogeza kipimo na lenzi kwa pamoja. Wageni wote waliitamani ya tatu. Mzee Abeid aliniweka mwaka mzima kwenye ya kwanza, kisha akanihamishia kwenye ya pili, nami nikabaki nayo.

Aliniwekea na sharti. Kila picha niliyopiga, niandike kwenye daftari jina la mtu, mahali, uwazi wa lenzi na umbali nilioupima. Nilimwuliza umbali unanisaidia nini mtu akishaondoka na picha yake. Akasema picha ikitoka mbaya nitataka kujua nani alikosea, mimi au kamera, na bila daftari nitaisingizia kamera kila mara. Alikuwa ananijua.

Mkanda mmoja ulitoa picha nane kubwa. Ilipofika miaka ya uhaba, mikanda ikawa inakuja na treni kutoka Dar es Salaam, michache na mara nyingi imepitwa na muda wake, tukawa tunatia ndani ya kamera kibati cha kupunguza dirisha ili tupate kumi na sita ndogo. Picha zilitoka nyembamba na ndefu, lakini miaka ile hata watu wengi walikuwa wembamba, kwa hiyo hakuna aliyelalamika. Nyuma ya kamera kulikuwa na kitundu chekundu cha kusomea namba ya picha. Vitabu viliandika kwamba wekundu ule unazuia mwanga. Walioandika hawakuwahi kusimama Tabora saa nane mchana mwezi wa Oktoba. Nilikiziba kwa kipande cha ngozi ya kiatu, na nawashauri wenye kamera za namna hii mfanye hivyo hivyo.

Kosa langu kubwa la mwanzo lilitokana na mvukuto. Familia moja ya Isevya iliniita kupiga picha za komunyo ya kwanza ya binti yao. Nilipozisafisha, kila picha ilikuwa na doa jeupe juu ya kichwa cha mtoto, la duara, linang'aa. Nilijua ni tundu kwenye kona ya mvukuto. Nilipopeleka picha kuomba radhi, bibi wa mtoto alizishika kwa mikono miwili akaanza kulia kwa furaha, kwamba Roho Mtakatifu ameshuka na kamera imemwona. Majirani waliitwa. Mama wa mtoto akaniuliza kama wadogo wawili wa binti yake nao naweza kuwapiga hivyo hivyo.

Nilirudi studio nikiwa na furaha, nikamsimulia Mzee Abeid. Hakucheka. Alinipeleka chumba cha giza, akafungua kamera, akatia tochi ndogo ndani ya mvukuto na kuiwasha. Kwenye kona palitokea nyota moja, na pembeni yake nyingine ndogo. Aliniambia niende Isevya nikawaeleze, kisha nimpige mtoto upya. Nikamwambia watu wale wamefurahi. Akasema furaha yao ni yao, lakini tundu ni letu.

Nilikwenda. Lilikuwa jambo gumu kuliko kupiga picha yoyote. Bibi alinisikiliza hadi mwisho, akaniambia kwamba hata tundu lilitobolewa na aliyetaka, na ile picha ya kwanza hakuirudisha. Ila picha mpya walinipa nafasi ya kupiga. Mvukuto niliuziba kwa gundi ya kuzibia mipira ya baiskeli iliyochanganywa na masizi ya koroboi, tabaka jembamba, likikauka unaongeza la pili. Kiraka hicho kilidumu miaka kumi na moja. Tangu hapo, kila mwanzo wa mwezi nilitia tochi kwenye mvukuto kabla ya kunywa chai.

Mzee Abeid alifariki nikiwa na miaka thelathini na kidogo. Wanawe hawakuitaka kazi hii, nami nikaendelea na studio. Kamera ya pili aliniachia kwa mkono wake, wiki chache kabla, akiwa amekaa kitandani. Nilitamani ya tatu na nadhani alijua. Alisema ya pili inamlazimisha mtu asome namba kabla ya kuamini. Nilikwenda nayo kwa baiskeli Ntalikwa na vijiji vyake, kwa basi hadi Nzega na Igunga kwenye harusi na misiba. Wafugaji walinitaka nipige ng'ombe kwanza kisha watoto. Halafu zikaja kamera za rangi, zikaja za kompyuta, zikaja simu. Sikupigana na yoyote. Nilizinunua, nikapiga pasipoti saizi kwa hizo, na daftari nikaendelea kulijaza hata pale ambapo kamera yenyewe ilikuwa inajiandikia.

Sasa niwaeleze jambo lililonifanya nikubali kuandika haya. Limetokea miaka ya karibuni tu, na wengine wenu mmelisikia likisimuliwa vibaya.

Asubuhi moja aliingia studio mama mmoja wa Ntalikwa, Bi. Kabula, mjane wa miaka sabini na ushee. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa, akafungua khanga akatoa picha iliyochanika pembe. Ilikuwa yangu. Ilimwonyesha yeye akiwa kijana na marehemu mumewe, Masanja, wamesimama wameipa mgongo miti ya minyaa, ile inayopandwa kuwa ua na mpaka. Nyuma yao, mbali, ilionekana nyumba ya matofali ya kuchoma, si yao, jiwe kubwa la kijiji, na upande wa kulia kanisa la kigango na kilima.

Alinieleza shida yake. Minyaa ile ilikuwa mpaka kati ya shamba la Masanja na la mdogo wake, Maganga. Baada ya Masanja kufariki, minyaa iling'olewa na vijana wa Maganga ili walime, wakati Maganga mwenyewe alikuwa Urambo kwenye tumbaku. Sasa Maganga amerudi, anasema mpaka ulikuwa karibu zaidi na nyumba ya Bi. Kabula, na kwa hiyo kisima kimo ndani ya shamba lake. Kisima hicho Masanja alikichimba kwa mikono yake miaka kadhaa baada ya picha. Maganga alikiri hivyo, ila alisema alimpa kaka yake ruhusa ya kuchimba upande wake. Mashahidi wa zamani walikuwa wameshakufa au wanasahau. Shauri lilikuwa mbele ya wazee wa baraza, na siku nne zilikuwa zimebaki.

"Mwanangu," akaniuliza, "unaweza kujua tulisimama wapi?"

Nikamwambia naweza. Niliona kwenye uso wake kwamba hakutegemea jibu fupi namna ile.

Mpiga picha akiwa na picha yake ya zamani, na kama vitu vya nyuma havijahama, anaweza kurudi pale pale aliposimama. Kwenye picha, kona ya nyumba ya matofali ilikata jiwe kubwa katikati. Kuna mstari mmoja tu juu ya ardhi ambao ukisimama utaona hivyo. Upande wa kulia, paa la kanisa liligusa ncha ya kilima, nao huo ni mstari mwingine. Mistari hiyo miwili ikikutana, hapo ndipo miguu yangu ilikuwa. Na kutoka hapo hadi minyaa, umbali uko kwenye daftari. Nilitafuta kwenye maboksi, nikapata mkanda wenyewe, nikapata ukurasa: Masanja na mkewe, Ntalikwa, jioni, lenzi imefunguliwa wazi, mita nane. Bi. Kabula alinishika mkono akaushikilia.

Alipoondoka niliweka ule mkanda juu ya kioo cha taa, nikachungulia kwa lenzi ya kukuzia. Sikuwa natafuta kitu, ni mazoea. Macho ya Masanja yalikuwa yamelegea kidogo, hayakuwa makali. Vijiti vya nyuma kabisa vya minyaa, vilivyotanuka mbali na bega lake, ndivyo vilivyokuwa vikali kama wembe. Kamera ilikuwa imetazama nyuma yake.

Nilikaa. Kisha nikaanza kufunua daftari mbele, ukurasa baada ya ukurasa, na mwezi mmoja baadaye nikakuta maneno yangu mwenyewe: "Kamera iliangukia njiani kwenda Ntalikwa. Saba husomeka nane. Nimerekebisha leo." Nikakumbuka yote. Siku ile ile, kabla ya picha ya Masanja, baiskeli iliingia kwenye shimo, begi likaruka, nikaifungua kamera nikaona lenzi nzima na mvukuto mzima, nikashukuru, nikaendelea. Kipima umbali sikukikagua. Mnaorithi kamera za namna hii, kumbukeni: ikianguka, kikagueni kwanza. Tazama kitu cha mbali sana, mlingoti au mwezi, vivuli viwe kimoja kwenye alama ya mwisho. Kisha pima kwa kamba mita tatu, tano, saba. Kikikosea, kuna skrubu ndogo chini ya kifuniko cha kidirisha, izungushe kwa kiasi cha unywele, na usiizungushe ukiwa na hasira.

Kwa hiyo nane ilikuwa saba. Mimi niliposimama siku ile nilikuwa ndani ya shamba la Masanja, nikiitazama minyaa. Minyaa ikisogea karibu nami mita moja, shamba la Bi. Kabula linapungua mita moja. Sikujua kisima kiko wapi katika hesabu hiyo, maana sikukiona bado. Huenda hiyo mita moja ndiyo iliyokuwa na kisima chenyewe.

Kesho yake nilikwenda Ntalikwa kumwambia. Tuliketi nje ya jiko lake akichambua karanga. Alinisikiliza, mikono ikaacha karanga.

"Huo ukurasa wa pili," akasema, "ameuona nani?"

"Mimi peke yangu."

"Basi umeuona wewe peke yako."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Kisima kile ndicho alichomwagilia mchicha aliosomeshea watoto. Nikamwambia kwa upole kwamba nikienda na ukurasa mmoja nitakuwa nimekwenda na picha nusu, na kwamba nikiulizwa sitaweza kusema uongo, kwa hiyo ni heri aamue kama ananitaka. Alirudi kwenye karanga zake, akachambua. Mwishowe akasema nije, kwa sababu hana mwingine. Lakini hakunisindikiza hadi njiani, na kwa mama wa kijijini kutokukusindikiza ni neno zito.

Siku ya shauri baraza lilihamia shambani. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mwalimu mstaafu, mwenye miwani na daftari lake la mistari. Maganga alikuja na fimbo na koti, mzee mrefu, mtulivu, hakuwa na sura ya mwizi. Alinisalimia kwa heshima. Nilichomeka mguu wa kamera, nikawaonyesha picha iliyokuzwa, nikatembea nikitazama jiwe na kona ya nyumba hadi vikakaa kama kwenye picha, kisha nikasogea juu ya mstari huo hadi kanisa na kilima vikagusana. Mahali penyewe palikuwa katikati ya matuta ya viazi. Nilimwita mwenyekiti achungulie na kulinganisha. Akachungulia, akasogea hatua moja kushoto, akarudi, akasema ni hapo. Maganga naye alichungulia, tena kwa muda mrefu zaidi, akakubali ni hapo.

Nikawasomea ukurasa wa kwanza. Mita nane. Kabla sijafunua wa pili, Maganga akaniuliza.

"Mama, hiyo kamera yako haijawahi kukosea?"

"Imewahi," nikasema. "Na siku ile ile ilikuwa inakosea."

Nikasoma ukurasa wa pili, nikaeleza habari ya baiskeli na shimo, nikawaonyesha macho ya Masanja yaliyolegea na vijiti vya nyuma vya minyaa vilivyo vikali. Nikasema kwamba kwa ujuzi wangu Masanja alisimama kwenye mita saba, minyaa ikigusa mgongo wake. Bi. Kabula alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni. Aligeuza uso akatazama upande wa kanisa.

Mwenyekiti aliandika yote. Kisha akaniomba nimwonyeshe hicho kipima umbali kinavyofanya kazi sasa. Nilisimamisha fimbo ya Maganga ardhini kwenye mita saba nilizopima kwa utepe. Mwenyekiti akachungulia, akazungusha kigurudumu taratibu huku amekunja uso kama anayesahihisha mtihani, akasoma mwenyewe: saba. Akamwambia Maganga asogeze fimbo hadi mita nane. Akasoma: nane. Akavua miwani akaifuta. Alisema kamera imetubu.

Kutoka pale niliposimama hadi ukingo wa mbali wa kisima palikuwa mita sita na robo. Tuliona sote utepe ulivyolala. Kwa mita saba, kisima kilikuwa upande wa Bi. Kabula, kwa nafasi isiyofika hatua moja. Maganga akasema, na alikuwa na haki, kwamba kama kamera ilikosea kwa mita moja, nani anaapa haikukosea kwa mbili. Mwenyekiti akaniuliza kama naapa. Nikasema naapa kwa nilichokiandika, siapi zaidi ya hapo.

Ndipo alipoagiza vijana wawili wa baraza wachimbe mifereji miwili myembamba, mmoja kwenye mita nane na mwingine kwenye saba, kwenda chini kupita kina cha jembe. Kwenye nane udongo ulitoka mwekundu na safi, wa kawaida. Kwenye saba jembe liligonga kitu laini. Kilikuwa kisiki cha minyaa kilichokatikia ardhini wakati wa kung'oa, cheusi, kimeoza, kinavunjika mkononi. Walivyoendelea walipata cha pili, na cha tatu, vimekaa mstari mmoja.

Hakuna aliyeshangilia. Maganga aliinama akaokota kipande, akakinusa. Alisema minyaa ile waliipanda wao wawili na kaka yake, kabla hata hajaoa, na kwamba alipokuwa Urambo aliuwaza mpaka kila siku, na kila siku ulikuwa unasogea kidogo akilini bila yeye kujua. Sijui kama wengine walimwamini. Mimi nilimwamini. Nimeona watu wengi wakitazama picha zao za zamani wakibisha kwamba hawakuwa na sura ile.

Mwenyekiti alisema kitu kimoja kuhusu mimi, nami nitakiandika kwa kuwa sikupewa cheti kingine. Alisema kama ningeshikilia nane, vijana wangechimba kwenye nane, wasingekuta kitu, na picha isingeaminiwa tena hata kidogo.

Niliokota vyombo vyangu. Bi. Kabula alikuja hadi nilipokuwa, akatazama kamera ikikunjwa na mlango wake kufungwa. "Mita yangu moja umeitoa," akaniambia.

"Haikuwa yako, mayu," nikasema. Hapo ndipo nilipomwita mama kwa Kinyamwezi, ilinitoka tu.

Alinisindikiza hadi kwenye mti wa kwanza wa njiani, akarudi.

Baada ya hapo macho yangu yalianza kunichosha. Jicho la kulia lilipata ukungu, na kwenye kidirisha vivuli viwili vikawa haviungani vizuri, hata pale ambapo kamera ilikuwa sahihi. Nilijua wakati umefika. Nilipanga tarehe ya kufunga studio, nikawapa taarifa wateja wangu, na mikanda michache iliyobaki nikaiweka kwa kazi nitakazozipenda.

Mwezi wa mwisho kabla ya kufunga, Bi. Kabula alikuja tena. Alileta debe dogo la karanga akaliweka mezani bila kulitaja. Alisema minyaa mipya imepandwa na imeshika, na kwamba anataka picha ya mpaka akiwa yeye na shemeji yake, wote wawili, ili wajukuu wasije wakasumbua baraza. Nikamwambia kwamba simu ingefanya kazi hiyo kwa haraka zaidi. Akasema simu haina daftari.

Nilikwenda Ntalikwa siku ya Jumamosi asubuhi. Maganga alikuwa amevaa koti lile lile. Walisimama mbele ya miche ya minyaa iliyofika magotini, wameachiana nafasi ya mtu mmoja, kama watu waliopatana lakini hawajazoea. Kisima kilikuwa kushoto kwao, na safari hii kimo ndani ya picha. Nilifungua kamera, nikafumba jicho bovu, nikazungusha kigurudumu na kutumia muda mrefu kuliko nilivyozoea, hadi Maganga wawili wakawa mmoja. Nikasoma namba, nikaihamishia kwenye lenzi, nikaandika.

"Leo imesema ngapi?" Maganga akauliza.

"Sita."

Alimwacha shemeji yake amesimama, akanijia kwa hatua ndefu akihesabu kwa sauti ya chini, akafika miguuni pangu, akageuka, akarudi akihesabu tena. Bi. Kabula alimngoja.

"Umepata ngapi?" akamwuliza.

"Sita na kiatu kimoja."

"Hicho kiatu ni chako," akasema Bi. Kabula. "Simama vizuri, mama asije akakosea."

Maganga akasimama, safari hii karibu zaidi. Nikabonyeza.